Magnum za Zamani: Bastola Kubwa Zadai Mkono Wenye Adabu

Katika Marekani wako watu ambao burudani yao, baada ya kazi za juma zima, ni kukusanya bastola kongwe zenye nguvu nyingi ziitwazo magnum. Huzisafisha, huchunguza nambari zake, na mara moja moja huzipeleka kwenye uwanja wa shabaha zikanguruma. Miongoni mwao wamo askari polisi na wanajeshi waliostaafu, ambao walizivaa silaha hizo kiunoni walipokuwa vijana. Kwa mtazamaji wa juu juu, shughuli hiyo huonekana kuwa ni kupenda mshindo na ubabe tu. Lakini historia ya silaha zenyewe yafundisha jambo lililo tofauti kabisa: kwamba nguvu ya chuma haijapata kuziba pengo la mafunzo, na kwamba bastola humtumikia mwenyewe kwa miaka mingi pale tu inapotunzwa kwa adabu. Funzo hilo lafaa lifike katika kila nyumba ambayo baba au mama hufanya kazi ya kushika silaha.

MAANA YA MAGNUM

Yafaa kwanza ieleweke kwamba bastola hizi si zile ambazo risasi zake hupangwa katika magazini ndani ya mpini. Hizi ni za silinda, yaani rivolva. Risasi sita hukaa katika vyumba sita vya silinda inayozunguka, na kila kifyatulio kinapovutwa, chumba kipya huja nyuma ya mtutu. Zamani za King's African Rifles, maofisa wa Kiingereza katika Afrika Mashariki walivaa rivolva za Webley na Enfield. Kwa hiyo mambo ya silinda hayakuwa mageni kwa askari wa zama hizo.

Neno magnum ni la Kilatini, maana yake "kubwa". Huko Ulaya lilitumika kwa chupa kubwa ya mvinyo kabla halijahamia kwenye risasi. Mafundi wa Holland & Holland wa Uingereza walilitia katika jina la risasi yao ya bunduki ya .375, iliyotolewa mwaka 1912, ambayo wawindaji wa nyati na tembo katika Afrika Mashariki waliifahamu sana. Katika bastola, neno hilo lilianza kutumika mwaka 1935. Risasi ya magnum ina ganda refu zaidi na msukumo mkubwa zaidi wa baruti kuliko risasi ya kawaida yenye kipenyo kile kile. Nguvu hiyo hudai chuma kinene na kiunzi kikubwa, yaani ule mwili wa bastola unaoshika mtutu, silinda na mpini pamoja. Kiwanda cha Smith & Wesson, kilichokuwa Springfield katika jimbo la Massachusetts, kilikuwa na kiunzi cha namna hiyo tangu mwaka 1908, ambacho wakusanyaji hukitambua kwa herufi N.

BASTOLA ILIYOKUWA NA CHETI

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wahalifu wa Marekani walikuwa wakikimbia kwa motokaa na kuvaa fulana za kukinga risasi. Polisi wengi walikuwa na bastola za .38 Special, ambazo risasi zake zilishindwa kupenya mabati ya motokaa. Mwaka 1930 Smith & Wesson walitoa bastola nzito ya kiunzi cha N kwa ajili ya risasi ya .38 iliyoongezwa nguvu. Kisha Douglas Wesson, mjukuu wa mmoja wa waasisi wa kiwanda, akishirikiana na mwandishi wa mambo ya silaha Philip Sharpe na kiwanda cha risasi cha Winchester, akatoa risasi mpya ya .357 Magnum pamoja na bastola yake.

Waliotengeneza risasi hiyo walitambua hatari moja mapema. Kichwa cha risasi mpya kilikuwa na kipenyo sawa na kile cha .38 Special, mtu asiyejua angeweza kuitia katika bastola dhaifu ikapasuka mkononi mwake. Kwa sababu hiyo ganda lilirefushwa kwa milimita 3 na kitu, ili lisiingie katika silinda ya bastola isiyostahimili. Hivyo basi, tangu siku ya kwanza, nguvu na tahadhari zilifungwa katika ganda moja.

Bastola ya kwanza alikabidhiwa J. Edgar Hoover, mkuu wa idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, mwezi Aprili 1935. Kwa miaka michache ya mwanzo kila moja ilitengenezwa kwa agizo la mnunuzi mwenyewe. Alichagua urefu wa mtutu, kuanzia inchi 3½ hadi 8¾, akachagua mpini na vilengeo, na kiwanda kikaiandikisha kwa nambari ya pekee na kumpatia cheti. Bei yake ilikuwa dola 60, nayo ilikuwa fedha nyingi katika miaka ile ya shida. Jemadari George Patton, aliyekuja kupata sifa katika Vita Kuu ya Pili, alinunua yake mwaka 1935 yenye mtutu wa inchi 3½ na kuitia mpini wa pembe. Idara ya polisi ya mji wa Kansas City nayo iliwanunulia askari wake. Bastola hizo za cheti zilipata elfu tano na kitu, na leo ndizo zinazotafutwa kuliko zote.

KUTOKA IDAHO HADI SINEMA

Hatua ya pili ilitoka kwa mfuga ng'ombe wa Idaho, Elmer Keith, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki mwaka 1984. Bwana huyo alipenda kujaza risasi zake mwenyewe na kuzipa baruti nyingi. Katika miaka ya 1920 bastola yake kongwe ya .45 ilimpasukia mkononi wakati akifyatua. Tangu hapo akageukia risasi ya .44 Special, kwa kuwa silinda yake ilibaki na kuta nene zaidi, akaandika makala kwa miaka mingi akivihimiza viwanda vitengeneze risasi ya .44 yenye nguvu. Remington wakaitikia kwa risasi na Smith & Wesson kwa bastola, na ile ya .44 Magnum ikakamilika mwishoni mwa mwaka 1955. Risasi yake ina kichwa cha gramu 15 na nusu hivi kinachotoka kwa mwendo wa zaidi ya mita 400 kwa sekunde, na bastola yenyewe ya mtutu wa inchi 6½ ina uzito wa karibu kilo 1.3.

Mwaka 1957 kiwanda kilianza kuzipa bastola zake nambari za toleo. Ile ya .357 ikawa Modeli 27. Ndugu yake asiyenakshiwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya polisi wa barabara kuu tangu mwaka 1954, ikawa Modeli 28. Na ile ya.44 ikawa Modeli 29. Mwaka 1964 ikafuata risasi ya .41 Magnum. Modeli 29 haikuwa na wanunuzi wengi hadi mwaka 1971, Clint Eastwood alipoishika katika filamu iitwayo Dirty Harry. Ghafla kila kijana alitaka kuwa nayo, na madukani ikaadimika. Wengi walioinunua kwa sababu ya sinema walifyatua risasi chache tu, wakashindwa kustahimili teke lake, wakaifungia sandukuni. Ndiyo maana leo wakusanyaji hukuta Modeli 29 kongwe ambazo ni kama zilitoka kiwandani jana.

USIKU WA NEWHALL

Sinema ilionyesha bastola kubwa ikimaliza ugomvi wote. Maisha ya kweli yalikwisha kusema vingine. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, huko Newhall katika jimbo la California, polisi wanne wa doria ya barabara kuu waliuawa na wahalifu wawili kwa muda wa dakika chache. Baadhi ya askari hao walikuwa na bastola za .357 Magnum, silaha haikuwa dhaifu. Lakini mazoezi yao yalikuwa ya risasi hafifu za .38, mbele ya shabaha iliyosimama, bila haraka wala hofu. Baada ya msiba huo idara ilibadili mafunzo yake. Askari walitakiwa kufanya mazoezi kwa risasi zile zile za kazini, wakafundishwa upya namna ya kuliendea gari lenye washukiwa, na wakapewa vipakizi vinavyotia risasi zote sita kwa mara moja.

Miaka 16 baadaye, tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wawili wa FBI waliuawa na watano kujeruhiwa na wanyang'anyi wawili, ambao nao walikufa. Baada ya tukio hilo idara nyingi za polisi ziliharakisha kuacha rivolva na kuchukua bastola za magazini. Modeli 28 ilikoma kutengenezwa mwaka huo huo wa 1986, na Modeli 27 ya asili mwaka 1994. Silaha ya kazi ikageuka kumbukumbu, na hapo wakusanyaji wakaingia kwa wingi.

MKUSANYAJI AISOMA BASTOLA

Mkusanyaji hodari haongozwi na mshindo, bali huisoma bastola kama mwalimu asomavyo daftari la mwanafunzi. Kwanza hutazama skrubu. Bastola za kiunzi hiki zilizotengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1950 zina skrubu tano. Baadaye zikawa nne, na tangu mwaka 1961 hivi zikawa tatu. Kisha hutazama kama mtutu umezuiwa kwa pini ndogo na kama vyumba vya silinda vimechimbwa ili kuficha kitako cha ganda. Mambo hayo yaliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutafuta nambari chini ya mpini na kuilinganisha na ile ya silinda na ya mtutu. Zikitofautiana, hujua kwamba bastola imeunganishwa kwa vipande vya bastola nyingine.

Jambo la tatu ni rangi. Bastola iliyopakwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata ikiwa inang'aa. Dalili zake ni kingo zilizolainika, maandishi yaliyofifia, na nyundo na kifyatulio vyenye rangi ile ile ya mwili, hali kiwanda kiliviacha na rangi ya madoadoa ya moto. Mkwaruzo wa kweli ni bora kuliko ung'avu wa uongo.

Jambo la nne ni usalama wa mtambo. Mwaka 1944, wakati wa vita, rivolva ya Smith & Wesson ilianguka juu ya sitaha ya chuma ya manowari ya Marekani, ikafyatuka na kumwua baharia. Kiwanda kikabuni upesi kizuizi kipya kinachokaa kati ya nyundo na kiunzi mpaka kifyatulio kivutwe. Kwa hiyo mwenye magnum iliyotengenezwa kabla ya vita hujua kwamba kizuizi chake ni cha namna ya zamani, na haipasi kuchukuliwa ovyo ikiwa na risasi.

Sheria nayo ina nafasi yake. Serikali ya Marekani hutoa leseni ya pekee ya mkusanyaji kwa silaha zilizopita umri wa miaka 50. Leseni hiyo ni ya miaka mitatu, na mwenye nayo hulazimika kuandika katika daftari kila silaha inayoingia na inayotoka, tarehe yake, na mtu aliyeitoa au kuipokea. Askari yeyote aliyewahi kulinda ghala ya silaha ataitambua kazi hiyo mara moja. Katika nchi nyingine masharti ni makali zaidi, na mahali pengi raia haruhusiwi kabisa. Popote pale, sheria ya nchi hutangulia mapenzi ya mtu.

KUFYATUA BILA KUJIPONZA

Wanaozifyatua bastola hizi kwa ufundi huanza na risasi hafifu. Bastola ya .357 hupokea pia .38 Special, na ile ya .44 Magnum hupokea .44 Special. Mwanafunzi hupewa hizo kwanza, na nguvu huongezwa kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka: anayeanza na risasi kali hujifunza kuogopa, na mkono wenye hofu hushtuka kabla ya mlio.

Ili kuugundua mshtuko huo, waalimu hutumia njia rahisi. Mwenzake mpigaji huchanganya risasi nzima na maganda matupu katika silinda bila yeye kujua mpangilio wake. Nyundo ikiangukia ganda tupu, mdomo wa bastola ukaenda chini, mshtuko umefichuka. Ukitulia, mkono umefundishika. Zoezi hilo halihitaji fedha, na hufaa kwa bastola yoyote ya silinda.

Zaidi ya hayo, kanuni nne hazina msamaha. Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekezwe kwa kitu ambacho mtu hataki kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka shabaha imepatikana. Na mpigaji ajue kilichoko nyuma ya shabaha. Kwa rivolva huongezwa kanuni ya tano: vidole visikaribie nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu, kwa kuwa gesi ya moto hutoka hapo kwa nguvu ya kukata nyama. Masikio yazibwe na macho yavishwe miwani. Mlio wa magnum hupita desibeli 150, na sikio lililoharibiwa na baruti haliponi.

MATUNZO

Maadui wa bastola kongwe ni watatu: unyevu, masizi na sinema. Kuhusu unyevu, silaha isihifadhiwe muda mrefu ndani ya mkoba wa ngozi, kwani ngozi hunyonya maji na dawa zilizotumika kuilainisha huleta kutu. Kila baada ya kushikwa ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana jasho la vidole huacha alama zinazogeuka kutu. Wakaao karibu na maziwa makubwa au pwani watilie mkazo jambo hili.

Kuhusu masizi, ganda fupi la .38 likifyatuliwa mara nyingi ndani ya chumba cha .357 huacha pete ya uchafu mbele ya ganda. Siku ganda refu la magnum likitiwa, hukwama. Dawa yake ni brashi na mafuta baada ya kila zoezi, si nguvu za vidole. Aliyefyatua au kusafisha silaha aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto, kwa sababu risasi huacha vumbi la madini ya sumu.

Kuhusu sinema, ule mtindo wa kutikisa kiganja ili silinda ijifunge kwa kishindo hupinda mkono wa chuma unaoibeba. Tangu hapo vyumba havikai sawa na mtutu. Silinda hufungwa kwa mikono miwili, polepole.

SILAHA NA NYUMBA

Mkusanyaji mwenye busara huwa na mambo matatu nyumbani kwake: sefu ya chuma, mahali pengine palipofungwa kwa ajili ya risasi, na daftari. Kuficha silaha juu ya kabati au chini ya godoro si kuihifadhi. Hakuna maficho ndani ya nyumba ambayo mtoto hayajui. Kufuli ndilo linalomzuia, na ufunguo hukaa kwa mtu mzima mmoja anayejulikana.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa umri wao. Wafundishwe kwamba wakiona silaha wasiiguse, waondoke mahali hapo, na wamwite mtu mzima. Mke au mume wa askari ana haki ya kujua kama ndani ya nyumba mna silaha, na kama ina risasi. Daftari nalo husaidia siku mwenye silaha atakapofariki, kwa kuwa familia itajua ni kitu gani kimebaki na ni nani wa kuarifiwa, badala ya chuma cha hatari kuzungukazunguka mikononi mwa ndugu.

Mwenye silaha ya serikali hana hata hiari hiyo. Bastola ya kazi si mali yake wala si pambo la karamu. Ni amana, na amana hurudishwa ghalani kwa saa na kwa sahihi. Magnum zilizotengenezwa mwaka 1935 na baadaye zingali zikifanya kazi leo, kwa sababu kila aliyezipokea alizipangusa, akazifunga, na kuandika nambari yake. Askari anayeirudisha bastola yake safi na kutia sahihi daftarini kabla ya kwenda kwa watoto wake anafanya kazi ile ile, na nyumba yake hulala salama.